Kompyuta ya Kwenye Gari: Paua Saplai Ipi, na Nani Ataizima?

Safari hii maswali mengi yamefanana. Watu wanatoa redio kwenye dashibodi wanaweka kompyuta ndogo na skrini ya kugusa, kompyuta yenyewe mezani inawaka vizuri kabisa, ikifika kwenye gari ndo vituko vinaanza. Na karibu kila aliyeandika ameuliza wati ngapi. Jamani wati ni swali la pili. La kwanza ni hili: ukipiga stata kompyuta inabaki hai au inakufa, na ukichomoa ufunguo nani anaiambia izime, halafu ikishazima nani anakata umeme? Ukiwa na majibu ya hayo, paua saplai (kifaa cha kuipa kompyuta umeme) ya kununua inajichagua yenyewe. Nimeanza na swali lenye mambo mengi, mengine nimeyajibu kwa kifupi.

SWALI: Habari fundi. Nina mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) ndogo ya saizi ya mini-ITX, prosesa yake wati 35, SSD moja na skrini ya inchi 7, nataka kuiweka kwenye gari la petroli. Nimeona paua saplai mbili, picoPSU ya wati 120 na M2-ATX ya wati 160. Ile pico ni ndogo, inachomekwa juu ya mazabodi moja kwa moja, haina mawaya mengi, nimeipenda. Si zote zinatoa umeme uleule wa ATX (mpangilio wa umeme wa kompyuta za mezani)? Nikichukua pico nikaiunga kwenye betri kuna shida gani?

JIBU: Salama ndugu yangu. Upande wa kutoa umeme ni kweli zote zinatoa volti 12, volti 5, volti 3.3 na ile volti 5 ya standibai, yani inayobaki hata kompyuta ikiwa imezimwa. Shida iko upande wa kuingiza. Pico ya wati 120 ya kawaida imetengenezwa ikijua itapewa volti 12 zilizotulia kutoka kwenye adapta, na ile laini ya volti 12 inayoenda kwenye mazabodi haiitengenezi yenyewe, inapitisha tu kile ilichopewa. Sasa gari halina volti 12. Jina ndo 12 lakini ukipima utaona mambo mengine.

Chukua mita yako iweke kwenye terminali za betri gari likiwa limezimwa, kama betri ni nzima na imejaa utasoma kama 12.6. Mwambie mtu apige stata huku unaangalia. Namba inaporomoka, 9, 8, gari lenye betri iliyochoka au asubuhi yenye baridi kali inaweza kugusa 6, halafu injini ikishika inaruka mpaka 13.8 au 14.4 na kukaa hapohapo. Hiyo yote imepita ndani ya sekunde mbili tatu, na mita ya kawaida ni nzito, bonde lenyewe huwa ni refu kuliko unavyoliona kwenye kioo chake. Stata ya gari dogo inavuta ampea mia na kitu mpaka mia mbili kwa wakati mmoja, lazima betri iiname.

Kwa hiyo pico ya volti 12 ukiifunga pale, stata ikipigwa kompyuta inazima ghafla, na injini ikiwaka pico inapewa volti 14 ambazo hazikuwa kwenye mpango wake, ama ijikate yenyewe ama izipitishe zote kwenye mazabodi na SSD. Zipo pico nyingine za kupokea volti 12 mpaka 25, watu wanaziona wanafurahi wanasema hii sasa ndo ya gari. Angalia ile namba ya chini. Inaanzia 12. Kwenye stata utakuwa umeshashuka chini ya hapo, na juu ya hayo haijui kitu chochote kuhusu ufunguo wa gari.

M2-ATX imetengenezwa kwa ajili ya gari. Inapokea kuanzia volti 6 mpaka 24, ina saketi ya kupandisha na kushusha, yani umeme wa nje ukiwa 7 au 15 yeye anatoa 12 ileile. Pia ina mlango wa waya wa ufunguo na kidude cha kuzimia ndani yake. Kuna kaka yake M4-ATX, wati 250, volti 6 mpaka 30, yeye unaweza kumpangia muda na volti za kukata kwa kutumia USB badala ya vijampa (vipande vidogo vya kuunganisha pini kwenye bodi). Zipo na za watengenezaji wengine, sikulazimishi jina, soma karatasi yake utafute mambo manne: volti ya chini kabisa ni 6 au karibu na hapo, volti ya juu ni zaidi ya 20, kuna waya wa tatu wa kusikiliza ufunguo, na kuna kinga ya betri kushuka. Ikikosa moja kati ya haya endelea kutafuta, hata kama ina wati mia tatu.

Kuhusu ile volti ya juu naomba usiipuuze. Kuna hali alteneta inakuwa inachaji kwa nguvu halafu terminali ya betri iliyolegea inaachia, umeme wote uliokuwa unaingia kwenye betri unakosa pa kwenda na volti zinaruka. Alteneta isiyokuwa na kinga ndani yake inaweza kurusha mpaka karibu volti 100 kwa sehemu ya sekunde, yenye kinga inabanwa kama 35 hivi. Viwango vya kimataifa vya ISO 7637 na ISO 16750 vimewekwa kwa ajili ya mambo kama haya, kifaa kikiandikwa kimepimwa kwa viwango hivyo jua mtengenezaji amefikiria gari kweli. Kama chako hakijaandikwa, weka daiodi ya kumeza mruko wa volti kwenye mlango wa umeme, zile kubwa za kazi ya magari, mbele yake ikiwepo fyuzi. Na kaza terminali za betri, hilo halihitaji kununua kitu.

Sasa wati. Prosesa ya 35, mazabodi na memori na SSD tuseme nyingine 15, skrini ya inchi 7 kama 10. Umefika 60 ikiwa imebanwa sana. Paua saplai ya wati 160 inakutosha na nafasi inabaki, na usinunue ya 250 kwa sababu tu namba ni kubwa. Ila ukumbuke kitu kimoja: kifaa kinachotoa wati 60 kwa ufanisi wa asilimia 90 kinavuta kama wati 67, kwenye volti 12 hiyo ni ampea 5.6, lakini volti zikianguka mpaka 7 kifaa kilekile kinavuta karibu 9.5 ili kazi iendelee. Yani pale betri ilipochoka ndipo kinapovuta zaidi. Waya mwembamba unaumbuka hapo.

SWALI: Fundi shikamoo. Mimi nimefunga paua saplai yenye kontrola ya kuzima, ukitoa ufunguo kompyuta inazima baada ya muda. Ila Windows imeshaharibika mara kadhaa, inaleta skrini ya bluu au inasema inarekebisha diski. Na kuna siku natoa ufunguo, kompyuta nilikuwa nimeshaizima mwenyewe, inawaka! Kontrola ni mbovu?

JIBU: Marahaba kijana wangu. Sidhani kama ni mbovu, nafikiri hizi saa zake hazijapangwa kuendana na kompyuta yako. Ngoja nikuonyeshe kinachotokea ndani kwa mpangilio, maana ukikielewa hiki utajirekebishia mwenyewe.

Unageuza ufunguo, kontrola inaona volti kwenye waya wa ufunguo. Haiwashi papo hapo, inasubiri sekunde chache ili stata ipite kwanza. Halafu inatoa umeme kwenye mazabodi na inazigusanisha zile pini mbili za swichi ya kuwashia, kama vile kidole kimebonyeza na kuachia. Kompyuta inabuti. Unatoa ufunguo, saa ya kwanza inaanza kuhesabu, hii ni ya kukupa nafasi, kwamba umesimama kujaza mafuta au kununua kitu hutaki kompyuta izime. Saa hiyo ikiisha kontrola inabonyeza tena zile pini. Windows inaona mtu amebonyeza swichi, inaanza kuzima. Hapo inaanza saa ya pili, na hii ikiisha kontrola inakata umeme wote bila kuuliza mtu.

Tatizo lako la kwanza liko kwenye hiyo saa ya pili. Kama imewekwa sekunde 45 na siku hiyo Windows imeamua kumalizia apdeti wakati wa kuzima, sekunde 45 hazifiki popote, umeme unakatwa katikati ya kuandika mafaili ya mfumo. Sogeza jampa mpaka upate muda mrefu kuliko uzimaji mrefu kabisa unaoweza kutokea, dakika tatu au zaidi kama kontrola inaruhusu. Betri haitaumia kwa dakika tatu. Na apdeti zizuie zisifanyike zenyewe, uzifanye siku ukiwa umekaa na injini inaunguruma au umeunga chaja. Pia ingia kwenye mipangilio ya umeme ya Windows uangalie swichi ya kuwashia imepewa kazi gani. Ikiwa imewekwa usingizi wa kawaida, kompyuta haizimi kabisa, inabaki na memori yenye umeme, halafu saa ya pili ikiisha kontrola inakata, na kila kitu kilichokuwa kwenye memori kimepotea. Weka haibaneti (inahifadhi kila kitu diskini halafu inazima) au kuzima kabisa, moja kati ya hizo mbili. Mimi kwa gari napendelea haibaneti kwa sababu unarudi pale ulipoachia wimbo na ramani, na ikishamaliza kuandika diskini haihitaji umeme hata kidogo. Kwa Linux zenye systemd kazi ya swichi iko kwenye faili la logind.conf, mstari wa HandlePowerKey, kwa kawaida tayari imewekwa poweroff ila watu wanaotumia desktopu wajue desktopu yenyewe inaweza kuinyang'anya hiyo kazi na kuleta dirisha la kuuliza "unataka kuzima?", na kwenye gari hakuna wa kujibu.

La pili, la kuwaka ukitoa ufunguo. Swichi ya kompyuta haina ya kuwashia na ya kuzimia, ni ileile. Kontrola inayobonyeza tu bila kuangalia, ikikuta kompyuta tayari imezima, kubonyeza kwake ni kuiwasha. Paua saplai za ATX ambazo kontrola iko ndani yake hazina shida hii kwa sababu zenyewe ndo zinatoa umeme, zinajua mazabodi imewaka au la. Vile vidude vya kuzimia vinavyouzwa peke yake, vya kuongeza kwenye paua saplai nyingine, ndo vinakuwa vipofu, isipokuwa vile vyenye waya wa ziada wa kusikiliza. Kama chako kina waya huo kiunge kwenye volti 5 za USB ambayo inazima kompyuta ikizima, au kwenye pini za taa ya paua. Na hakikisha hiyo USB kweli inazima maana mazabodi nyingi zinaacha USB na umeme hata kompyuta ikiwa imelala, ipime na mita.

Halafu angalia kwenye BIOS (mipangilio ya mazabodi yenyewe, inayoanza kabla ya Windows) kuna sehemu inauliza umeme ukirudi baada ya kukatika ifanye nini. Ikiwa imewekwa iwake yenyewe na kontrola yako nayo inabonyeza, umeme unaingia mazabodi inaanza kuwaka, sekunde moja baadaye kontrola inabonyeza swichi, kompyuta inazima. Mtu anahangaika kubadilisha RAM kumbe ni watu wawili wanafanya kazi moja. Weka ibaki imezima, umwachie kontrola.

SWALI: Gari langu nikiliacha siku nne au tano haliwaki, betri imelala. Kabla sijaweka kompyuta halikuwa hivyo. Nikitoa ufunguo kompyuta inaingia usingizini vizuri tu, skrini inazima. Betri ni mpya ya ampea 60.

JIBU: Umejitajia jibu dada yangu, hiyo "inaingia usingizini". Skrini kuzima hakumaanishi umeme haupiti. Kompyuta iliyolala inakula wati mbili au tatu kwa ajili ya memori na standibai, kwenye betri hiyo ni kama ampea 0.2. Inaonekana ndogo. Zidisha kwa saa 24, karibu ampea-saa 5 kwa siku, siku tano umefika 24, na gari lenyewe lina vitu vyake, saa, alamu, kompyuta ya injini, tuseme nyingine 1 kila siku. Umekula karibu nusu ya betri ya 60 na hiyo ni kama ilikuwa imejaa, ambayo kwa mtu wa safari fupifupi huwa haijajaa. Stata haitaki nusu betri.

Gari linatakiwa likiwa limezimwa livute kiasi cha ampea 0.05 au pungufu. Kwa hiyo kontrola nzuri inakata hata ile volti 5 ya standibai, inabaki yenyewe tu ikisikiliza ufunguo, na yenyewe inatakiwa ivute sehemu ndogo sana ya ampea, milliampea moja mbili. Ulizia hiyo namba kabla ya kununua, watu wanauliza wati wanasahau hii.

Pia kuna ile kinga ya betri. Nyingi zinakuja zimepangwa kukata kwenye kama volti 11. Kwangu mimi hiyo ni chini mno kwa gari ambalo unategemea liwake, betri ya asidi iliyotulia ikisoma 11.8 hesabu imeisha. Kama kifaa kinaruhusu panga 12.0, lakini kikate baada ya volti kukaa chini ya hapo kwa dakika nzima, siyo papo hapo, vinginevyo kila ukipiga stata kinga itaruka. Kama hakiruhusu, basi fupisha ile saa ya kwanza, dakika kumi baada ya kutoa ufunguo zinatosha.

Kabla ya hayo yote lakini, fanya kipimo. Zima gari, funga milango, subiri kama nusu saa ili kompyuta za gari nazo zilale, halafu weka mita ya ampea katikati ya terminali hasi na waya wake. Soma. Chomoa fyuzi ya kompyuta yako, soma tena. Hiyo tofauti ndo mla betri wako, na usipige stata mita ikiwa imeungwa hivyo, utaiunguza.

SWALI: Mimi situmii mambo makubwa, nina Raspberry Pi 4, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, inapiga muziki na kurekodi kamera. Inachukua umeme kwenye chaja ya USB ya kiberiti cha gari. Memori kadi zinakufa kila mara. Nibadilishe kampuni ya memori kadi?

JIBU: Usihangaike na memori kadi. Kiberiti cha gari kwenye magari mengi kinakatika ukipiga stata na kinakatika tena ukitoa ufunguo, maana yake Pi yako inakatiwa umeme ghafla kila safari, mwanzo na mwisho, na wewe unarekodi video yani kadi muda wote inaandikwa. Kadi yoyote itakufa.

Pi 4 inataka volti 5 na ampea 3, Pi 5 inataka ampea 5 ili itoe nguvu zake zote. Ikishuka chini ya kama volti 4.63 inaleta alama ya radi kwenye skrini, ukiiona hiyo anza na waya wa USB, mara nyingi ni mwembamba na mrefu. Nunua kishushio cha volti kinachopokea kuanzia volti 7 au chini ya hapo mpaka 30 na kitu, kilichoandikwa ni cha gari. Vile vidogo vya bei rahisi vyenye chipu ya LM2596 vinasema ampea 3 na volti mpaka 40, kwenye gari vinapata joto, vikikaa muda mrefu bila kipoozeo mimi sivipi zaidi ya 2, na shida yao kubwa ni kwamba vikiungua vinaweza kupitisha volti 12 zote zikaingia kwenye Pi. Pia vinashusha tu, havipandishi, ila kwa volti 5 hilo siyo tatizo.

Sasa kuzima. Kishushio kiunge kwenye umeme wa kudumu kupitia rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) ya kuchelewa, ile ambayo ufunguo ukitoka inaendelea kushika kwa muda uliopanga, weka sekunde 90. Waya wa ufunguo uingize kwenye Pi kama ishara. Usiuingize hivihivi! Pini za Pi zinavumilia volti 3.3 tu, volti 12 zinaiua papo hapo, tumia optokapla, yani taa ndogo upande mmoja na jicho upande wa pili, umeme wa gari na wa Pi haugusani kabisa. Kwenye config.txt ongeza mstari wa dtoverlay=gpio-shutdown, kwa kawaida unasikiliza pini ya GPIO 3 na inazima pini hiyo ikishushwa chini, kwa hiyo panga optokapla yako ifanye hivyo ufunguo ukitoka. Upo pia mstari wa gpio-poweroff, unapandisha pini nyingine, kawaida ni 26, kusema "nimemaliza, kata", kama rilei yako inaweza kuisikiliza hiyo ni bora kuliko kuhesabu sekunde. Na kwa muziki peke yake kuna njia ya kuifanya kadi isomwe tu bila kuandikwa, iko kwenye raspi-config chini ya overlay, ila wewe wa kamera video zako zipeleke kwenye diski ya USB.

SWALI: Nina inveta ya wati 300 tayari. Kwa nini nisichomeke paua saplai ya kawaida ya kompyuta?

JIBU: Itawaka. Lakini unatoa 12 unapeleka 230 halafu unarudisha 12, kila hatua inakula asilimia kumi au kumi na tano, inveta yenyewe bila mzigo inakula umeme, nyingi zinajikata volti zikifika kama 10.5 au 10 kwa hiyo stata ikipigwa kompyuta inakufa, na hakuna anayeiambia kompyuta izime. Inveta iweke kwa chaja ya laptopu ukiwa umeegesha.

SWALI: Lori langu ni la volti 24. M2-ATX itafaa si imeandikwa mpaka 24?

JIBU: Hapana kaka, usiifunge. Lori la 24 likiwa linachaji linakaa kwenye 28 na zaidi, itaungua. Tafuta ya 9 mpaka 36 au inayofika juu ya hapo. Na usichukue 12 kutoka kwenye betri moja kati ya zile mbili, moja itakuwa inalegea na nyingine inachajiwa kupita kiasi, zote mbili zinakufa mapema.

SWALI: Nimenunua kontrola isiyohitaji waya wa ufunguo, inasikiliza volti, zikipita 13.2 inajua injini imewaka. Kwenye gari la zamani ilikuwa safi. Nimehamishia kwenye gari jipya zaidi, kompyuta inazima nikiwa barabarani. Kwa nini?

JIBU: Kwa sababu gari jipya linaichezea alteneta. Magari mengi ya siku hizi kompyuta ya injini ndo inaamua alteneta ichaji kiasi gani ili kubana mafuta. Ukiwa unakanyaga mafuta inaishusha, volti zinaweza kukaa 12 na kitu muda mrefu, ukiachia au ukikanyaga breki inaipandisha mpaka karibu 15. Kontrola yako ikiona 12.5 inasema injini imezimwa, inahesabu, inazima. Na yale yenye kuzima injini kwenye foleni na kuiwasha tena ndo balaa zaidi, stata inapigwa mara nyingi kwa safari moja na ndo maana ile volti ya chini ya 6 kwenye karatasi si anasa.

Usihangaike kubadilisha namba ya 13.2, ukishusha haitazima kabisa usiku kwa sababu betri iliyotoka kuchajiwa inabaki juu muda mrefu. Rudi kwenye waya wa ufunguo. Na hapo chagua waya sahihi, ufunguo unatoa nyaya za aina mbili: ACC, ambao unakufa wakati stata inapigwa, na ule wa injini, ambao unabaki hai mpaka unazima. Kompyuta ikiwa imewaka kwenye ACC halafu ukapiga stata, kontrola isiyo na subira inadhani umeondoka. Ukiunga kwenye wa injini tatizo hilo halipo, ila huwezi kusikiliza muziki bila kuwasha ufunguo mzima. Kama kontrola yako inasubiri angalau sekunde kumi kabla ya kuanza kuzima, ACC ni sawa.

SWALI: Nyuma ya redio kuna waya wa njano na mwekundu na mweusi tayari. Naweza kuiungia kompyuta hapohapo?

JIBU: Mwekundu ndiyo, kwa ishara tu. Kwenye soketi ya redio ya ISO wa njano ni umeme wa kudumu, pini ya 4, mwekundu ni ACC, pini ya 7, mweusi ethi (upande wa hasi), pini ya 8. Pima kwanza lakini, kuna watengenezaji wanaobadilishana 4 na 7, Volkswagen wamejulikana kwa hilo, na rangi za nyaya za gari lenyewe zinaweza kuwa tofauti kabisa.

Wa njano usiupe kompyuta. Fyuzi yake ni 10 au 15 na nyuma yake kunaweza kuwa na saa na taa za ndani, waya wenyewe ni mwembamba. Vuta waya wako kutoka kwenye betri, milimita mraba 2.5 kwa kompyuta kama ile ya swali la kwanza, na fyuzi ya ampea 15 iwekwe karibu na betri, sentimita 30 au pungufu, siyo kule kwenye dashibodi. Fyuzi inalinda waya, waya ukichubuka njiani ukagusa bodi kabla ya kufika kwenye fyuzi hakuna kitakachokata, unaungua. Pale unapopita kwenye ukuta wa injini weka mpira. Ethi iunge kwenye bati lililokwanguliwa rangi, boliti ya chasi, na amplifaya iungwe hapohapo maana ukiziweka mbali utasikia mlio kwenye spika unaopanda na kushuka kadiri unavyokanyaga mafuta.

Hesabu yake ni hii: mita 4 za waya wa 2.5 zikipitisha ampea 10 zinapoteza kama volti 0.28, waya wa 0.75 kwa umbali uleule unapoteza 0.9. Ukiwa na stata iliyoshusha betri mpaka 7, hiyo 0.9 inakupeleka mlango wa 6 na paua saplai inajikata ingawa karatasi ilisema itavumilia. Kwa hiyo kabla hujarudisha dashibodi, washa kompyuta na skrini na muziki, pima volti kwenye betri, halafu pima kwenye terminali za paua saplai, chanya na hasi zote mbili pale pale. Tofauti ikizidi nusu volti rudia maungio, anza na ethi.